Raisi Kasa-Vubu na Misingi ya Inchi Yetu: Mukutano wa Historia Utafute Nini?

Katika seminari zetu, katika mashule na katika parokia, tunazoea kufanya siku za masomo juu ya wakubwa wa kwanza wa inchi, zaidi wakati sikukuu ya 30 Juni inapokaribia. Watu wanakusanyika, wasemaji wawili watatu wanasimama, majibizano yanafuata, kisha wimbo wa taifa unaimbwa na kila mutu anarudi kwake. Jambo hili ni zuri. Lakini wale waliozoea mikutano hiyo wanajua namna inavyoharibika. Mara nyingine inageuka kuwa sifa tupu, kana kwamba marehemu alikuwa malaika. Mara nyingine inageuka kuwa hukumu, kana kwamba wasemaji ni waamuzi na marehemu anasimama mbele yao bila mutu wa kumutetea. Na hapa kwetu Ituri kuna hatari ya tatu, kubwa kupita hizo mbili: kutwaa neno la wakubwa wa zamani na kulifanya mukuki wa kuchoma jirani.

Basi tunapenda kueleza kwa utaratibu namna mukutano wa historia unavyofaa kufanywa, na tunachukua mufano wa Joseph Kasa-Vubu, Raisi wa kwanza wa Kongo tangu 1960 hata 1965. Tunamuchagua yeye kwa sababu tatu. Kwanza, ndiye mukubwa wa kwanza wa taifa huru. Pili, alilelewa katika seminari kama sisi. Tatu, neno lililomujulisha kwa watu lilikuwa neno la udongo, ni kusema neno lile lile ambalo limewaua watu wengi katika vijiji vyetu.

I. MUTU MWENYEWE

Kasa-Vubu alizaliwa Kuma-Dizi katika inchi ya Mayombe, upande wa Bas-Congo. Mwaka gani? Vitabu havipatani: kimoja kinasema 1910, kingine 1913, vingine 1915 ao 1917. Hilo peke yake ni somo la kwanza la mukutano wetu. Katika siku zile kuzaliwa kwa mutoto wa kijiji hakukuandikwa na serikali. Lakini ubatizo wake unajulikana, ni wa mwaka 1925, kwa sababu mapadri wa Scheut walishika vitabu vya ubatizo. Ninyi mapadri na wakatekista mnaoandika majina kila mwaka, mujue ya kuwa mnaandika historia ya inchi. Kitabu cha ubatizo kilichoachwa kwa mvua na muchwa ni ushuhuda uliopotea.

Alisoma katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha akapelekwa mbali, katika seminari ya Kabwe huko Kasai, kwa masomo ya filozofia. Mwaka 1939 akatoka bila kufika upadri. Akafundisha shule, akamuoa Hortense Ngoma Masunda mwaka 1941, na mwaka 1942 akaingia kazi ya karani katika ofisi ya feza ya serikali huko Léopoldville. Miaka mingi alikuwa mutu wa vitabu na hesabu, mutu wa maneno machache. Wale waliomujua walizoea kusema ya kuwa alinyamaza sana, na kwamba kunyamaza kwake kuliwasumbua adui zake kupita maneno.

Hapa waseminari wanapaswa kujilinda na mutego mumoja. Si vizuri kusema: «Huyu alikuwa wetu, basi matendo yake mazuri ni matunda ya seminari.» Kama tunajitwalia mema yake, itatupasa kujitwalia na makosa yake vilevile. Seminari ilimupa Kilatini, filozofia na mazoea ya kufikiri kwa utaratibu. Mambo aliyoyafanya na vyombo hivyo ni yake mwenyewe.

II. «HAKI YA YULE ALIYETANGULIA»

Mwaka 1946 Kasa-Vubu alisimama huko Léopoldville mbele ya wanamemba wa UNISCO, chama cha wakongomani waliosoma, akasema juu ya haki ya yule aliyetangulia kukaa mahali, iliyoitwa kwa Kifaransa «le droit du premier occupant». Maana ya maneno yake ilikuwa hii: udongo wa Bas-Congo na wa muji wa Léopoldville ni wa Wakongo, kwa kuwa mababu zao walikaa pale mbele ya wote.

Ili tufahamu neno hili, inatupasa kuuliza kwanza lilisemwa juu ya nani. Tangu amri ya 1 Julai 1885, serikali ya Mufalme Léopold II ilihesabu kila udongo «usio na mutu» kuwa mali yake. Lakini udongo usio na mutu ni upi? Kwa muzungu, pahali pasipo nyumba wala shamba palikuwa pa bure. Kwa sisi, pahali pale palikuwa pori la kuwinda, shamba lililopumzishwa, ao kaburi la mababu. Basi mutu aliyesema mwaka 1946 «sisi tulitangulia» alikuwa akimujibu mukoloni, na jibu lake lilikuwa la haki.

Lakini kisu hiki kilikuwa na makali pande mbili. Katika Léopoldville walikuwamo watu wengi waliotoka juu ya muto, wenye kusema Lingala, walioletwa na kazi, na jeshi, na biashara. Nao walisikia neno lile. Kama udongo ni wa yule aliyetangulia, wao ni nani? Wageni tu? Mwaka 1950 Edmond Nzeza-Nlandu alianzisha ABAKO kwa kusudi la kulinda na kukuza lugha ya Kikongo. Mwaka 1954 Kasa-Vubu akachaguliwa kuwa musimamizi wa chama hicho, na chama cha lugha kikageuka polepole kuwa chama cha politiki.

Haifai kusahau matendo makubwa ya chama hicho kwa inchi nzima. Mwaka 1956 gazeti la Conscience africaine, lililoandikwa na wakristu waliosoma pamoja na Joseph Ileo, na ambalo Padri Joseph Malula hakuwa mbali nalo, lilitangaza maombi ya uhuru utakaokuja kwa vipindi, likifuata mawazo ya mwalimu mubelgiji Van Bilsen aliyetaja miaka 30. Mwaka ule ule maaskofu wa Kongo walitangaza ya kuwa wenyeji wana haki ya kuingia katika uongozi wa mambo ya inchi yao. ABAKO ikajibu katika Agosti 1956: miaka 30 ni mingi sana, tunaomba uhuru sasa hivi. Wengi walishangaa. Miaka ine tu ikapita, na uhuru ukafika.

Katika Desemba 1957 makomini ya Léopoldville yalichagua mashauri yao, na mwaka 1958 Kasa-Vubu akawa burugumestri wa komini ya Dendale, ile inayochukua leo jina lake. Tarehe 4 Januari 1959 mukutano wa ABAKO ulikatazwa, watu wakakasirika, na maasi yakaenea katika muji. Serikali ilihesabu wafu 49. Wenyeji walisema ni wengi zaidi sana. Kasa-Vubu akafungwa. Siku chache nyuma, tarehe 13 Januari, Mufalme Baudouin akataja neno uhuru katika radio.

Sasa turudi kwetu. Neno «sisi tulitangulia» halikubaki Bas-Congo. Kila kilima cha Ituri kinalijua. Wengine wanasema: tulikuwa hapa mbele yenu. Wengine wanajibu: mashamba haya tuliyapata kwa sheria, na karatasi tunazo. Sheria ya 20 Julai 1973 ilitangaza udongo wote kuwa mali ya Serikali, ikaacha udongo wa vijiji uongojee amri ya Raisi ya kuutengeneza, na miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Hivi mwenye karatasi alikuwa na sheria mukononi, na mwenye kukaa alikuwa na makaburi ya wazee wake, na kila mumoja alijiona mwenye haki kamili. Katika mwaka 1999 mabishano juu ya mashamba makubwa yaliyoachwa na wazungu katika Djugu yaliwasha moto. Tunajua moto ule ulipofika: maelfu mengi ya wafu, misioni kuchomwa, Bunia wenyewe kuwa uwanja wa vita mwaka 2003, hata askari wa Ulaya wakaja kusimama katikati. Na jirani zetu wa Rwanda walionyesha dunia yote mwaka 1994 mwisho wa hesabu ile ya kutafuta nani mwenyeji na nani mugeni.

Kwa hiyo msemaji atakayesoma hotuba ya 1946 hapa Bunia ana wajibu mukubwa. Akiisoma nusu, atampa kijana mukuki. Akiisoma yote pamoja na maisha ya yule aliyeitoa, ataona jambo la ajabu: mutu aliyeanza kwa kutetea haki ya waliotangulia, alimaliza kwa kuapa mbele ya taifa lote kulinda umoja wa inchi ambamo kabila lake lilikuwa moja tu kati ya mamia.

III. MISINGI NI IPI?

Watu wengi wanapenda kusema «misingi ya taifa», «mawazo ya wababa wa uhuru». Lakini ukiwauliza misingi hiyo iliandikwa wapi, wananyamaza. Mukutano wa historia haufai kuchukua misingi kutoka mawazo matamu ya siku ya sikukuu. Itafutwe katika maandiko na matendo. Sisi tunaona mine.

Wa kwanza ni uhuru unaopatikana kwa mapatano. Mukutano wa Meza ya Mviringo ulikaa Bruxelles tangu 20 Januari hata 20 Februari 1960. Kasa-Vubu hakuridhika, alitaka serikali ya muda ianzishwe mara moja, hata akaondoka katika mukutano. Lakini hakwenda porini kutafuta bunduki. Uchaguzi ukafanywa katika Mei, na yeye akashiriki.

Wa pili ni sheria iliyo juu ya wakubwa. Bunge la Ubelgiji lilitoa tarehe 19 Mei 1960 Sheria ya Musingi, «Loi fondamentale», yenye kutenganisha mukubwa wa taifa na waziri wa kwanza, Baraza la Wajumbe na Senato. Ilikuwa nguo iliyoshonwa Ulaya, na wengi walisema haikutosha mwili wetu. Ni kweli. Hata hivi ilifundisha wazo moja kubwa: ya kwamba mutu hatawali kwa sababu ya nguvu yake wala kabila lake, bali kwa sababu sheria imemupa kazi.

Wa tatu ni umoja pamoja na heshima ya kila upande. Hapa wakubwa wa kwanza hawakupatana. Lumumba na MNC yake walitaka inchi moja yenye serikali moja ya nguvu. Kasa-Vubu na ABAKO walitaka maprovinsi yenye uwezo mukubwa. Lakini tazameni uchaguzi wa 24 Juni 1960. MNC-Lumumba ilikuwa imepata viti 33 juu ya 137 katika Baraza la Wajumbe, ABAKO 12 tu. Hata hivi mabaraza mawili pamoja yalimuchagua Kasa-Vubu kuwa Raisi kwa sauti 159, na Jean Bolikango akapata 43. Maana yake ni kwamba wengi waliompa Kasa-Vubu sauti hawakuwa wa chama chake, hawakuwa wa kabila lake. Lumumba mwenyewe na watu wake walikubali. Mbele ya kugombana, watu hawa wawili walijua kugawana mamlaka. Jambo hilo linasahauliwa sana.

Wa ine ni haki na kazi. Wimbo wa taifa, ambao maneno yake yalitungwa na mujezuiti Simon-Pierre Boka na sauti zake na Joseph Lutumba, unawaita wakongomani wasimame na kujenga inchi kwa kazi na amani. Uliondolewa wakati wa Zaire, ukarudishwa mwaka 1997. Na Katiba ya 18 Februari 2006 inaandika katika kifungu cha kwanza maneno matatu ya taifa: Haki, Amani, Kazi. Haki imewekwa mbele ya amani, na tunaona ni utaratibu wa kweli, kwani amani isiyo na haki ni usingizi wa mutu mwenye homa.

Tuongeze neno moja kwa ajili ya Ituri. Katiba ile ya 2006, katika kifungu cha 10, inasema Mukongomani wa asili ni kila mutu wa kabila ambalo watu wake na udongo wake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Tufahamu vizuri. Sheria haiulizi kabila gani lilivuka Semliki mbele ya lingine, wala ng'ombe za nani zilikunywa kwanza katika ziwa Albert. Inaweka alama yake tarehe 30 Juni 1960. Wote waliokuwamo siku ile ni wenyeji sawasawa. Mbele ya sheria ya taifa, hesabu ya waliotangulia imefungwa. Shauri la nani alime shamba gani linabaki, nalo ni zito. Lakini ni shauri la majirani wenye haki moja, si shauri la mwenyeji na mugeni.

IV. MAGOMVI MAWILI, FUNZO MOJA

Mukutano unaoogopa 5 Septemba 1960 hauwezi kuitwa wa historia. Wiki moja tu nyuma ya uhuru askari waliasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Tarehe 12 Julai Kasa-Vubu na Lumumba waliandika pamoja simu kwa ONU kuomba musaada wa askari. Walikuwa bado wanasafiri pamoja katika ndege moja. Kisha shaka ikaingia katikati yao. Jioni ya 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza katika radio ya kuwa amemuondoa Lumumba. Lumumba akajibu katika radio ile ile ya kuwa amemuondoa Kasa-Vubu.

Nani alikuwa na haki? Tufanye kama walimu wetu wa filozofia walivyotuzoeza, tutenganishe. Kwa maneno ya sheria, kifungu cha 22 cha Sheria ya Musingi kilisema mukubwa wa taifa anawaweka mawaziri na kuwaondoa, na amri ya Kasa-Vubu ilikuwa na sahihi za mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux. Lakini hakuna kifungu kilichomupa waziri wa kwanza ruhusa ya kumuondoa Raisi. Kwa upande huu Kasa-Vubu alikuwa na nguvu. Kwa roho ya sheria, serikali ya Lumumba ilikuwa imekubaliwa na mabaraza, na mabaraza hayakuwa yameikataa. Baraza la Wajumbe likavunja maamuzi yote mawili, na Senato ikakataa kuondolewa kwa Lumumba. Kwa upande huu Lumumba alikuwa na nguvu. Msemaji atakayeonyesha upande mumoja tu, hata akitaja tarehe za kweli, atakuwa amedanganya.

Wahenga walisema: tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Tarehe 14 Septemba Kolonele Mobutu akatangaza ya kuwa amewasimamisha wote wawili, akaweka utawala wa makomisere uliodumu hata Februari 1961. Kasa-Vubu alibaki katika kiti chake. Lumumba akafungwa, na tarehe 17 Januari 1961 akapelekwa Katanga na kuuawa siku ile ile pamoja na Mpolo na Okito. Kasa-Vubu alikuwa mukubwa wa taifa wakati wakubwa wa Léopoldville walipompeleka mufungwa yule mikononi mwa adui zake. Hatuwezi kuikwepa sentensi hiyo kwa kuwa alikuwa mutu wa sala. Bunge la Ubelgiji lilitafuta ukweli wa kifo hiki kwa kamati yake, na mwaka 2001 likakubali ya kuwa wakubwa wa Ubelgiji walikuwa na deni mbele ya dhamiri. Mwaka 2022 jino la Lumumba, sehemu peke ya mwili wake iliyobaki, lilirudishwa kwa watoto wake. Inchi ya kigeni ilijiuliza nyuma ya miaka 40. Sisi je, tumejiuliza?

Mema nayo yasemwe. Katika Julai na Agosti 1961 wajumbe wa pande zote walifungiwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium hata wakapatana juu ya serikali ya Cyrille Adoula. Mwaka 1962 maprovinsi sita yakagawanywa kuwa 21, na hivyo ikazaliwa Kibali-Ituri, yenye makao yake hapa Bunia hata 1966. Wazo la kutawala karibu na watu, ambalo Kasa-Vubu alilitetea tangu zamani, lilifika kwetu. Ituri imekuwa tena provinsi tangu 2015. Katiba iliyoandikwa Luluabourg, ya 1 Agosti 1964, ilikuwa ya kwanza iliyotungwa na wakongomani wenyewe na kupigiwa kura na wananchi.

Lakini ona gomvi la pili. Katika uchaguzi wa 1965 watu wa Moïse Tshombe walipata viti vingi. Tarehe 13 Oktoba Kasa-Vubu akamuondoa Tshombe, akamuita Évariste Kimba. Bunge likamukataa Kimba. Raisi akamuita Kimba tena. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma hatua moja. Usiku wa 24 Novemba 1965 wakubwa wa jeshi wakatwaa mamlaka, na mara hii hawakuyarudisha. Mobutu akatawala hata Mei 1997. Kasa-Vubu akaondoka bila kelele, akarudi kwao Bas-Congo, akafa Boma tarehe 24 Machi 1969.

Mara mbili Raisi na waziri wa kwanza waligombana. Mara mbili kila mumoja alikuwa na kifungu cha sheria mukononi. Mara mbili jeshi likaingia mulango uliofunguliwa na ugomvi wao. Hilo ndilo funzo. Sheria inaweza kutumiwa kama musingi wa nyumba, inaweza pia kutumiwa kama jiwe la kutupiana. Waandishi wa Katiba ya 2006 walilikumbuka: kifungu cha 78 kinamulazimisha Raisi kumuchagua waziri wa kwanza katika wingi wa Bunge, na hakimupi ruhusa ya kumufukuza kwa sauti yake peke, waziri huyo mwenyewe ndiye analeta barua ya kuacha kazi. Hivyo machozi ya 1960 na ya 1965 yamegeuka kuwa sentensi moja ya sheria.

V. SHERIA TANO ZA MUKUTANO

Papa Leo XIII, aliyefungulia wataalamu masanduku ya maandiko ya Vatikano, alikumbusha katika barua yake ya mwaka 1883 sheria ya wazee juu ya mwandishi wa historia: asithubutu kusema uwongo, kisha asiogope kusema kweli. Tukifuata neno hilo, tunawashauri wale watakaotengeneza mukutano juu ya Kasa-Vubu, ao juu ya Lumumba, ao juu ya mukubwa yeyote, washike mambo haya.

Kwanza: maandiko yasomwe mbele ya hotuba. Hotuba ya 1946, Sheria ya Musingi, hotuba tatu za 30 Juni 1960, vitabu vya kila mwaka vilivyotolewa na CRISP huko Bruxelles chini ya Gérard-Libois na Verhaegen: msemaji asiyesoma hata moja anyamaze na kusikiliza.

Pili: wazee wasikilizwe, na maneno yao yaandikwe. Wale walioona 1960 na 1964 hapa Ituri wanapungua kila mwaka. Mwenye kuandika aweke tarehe, mahali na lugha iliyosemwa, wala asisahihishe maneno ya muzee ili yapatane na kitabu. Muzee akikosa tarehe, kosa lake nalo ni ushuhuda.

Tatu: sababu zitenganishwe na lawama. Kuuliza «kwa nini alifanya hivi?» si kumusamehe, wala si kumuhukumu. Ni kazi ya kwanza. Hukumu inakuja nyuma, kama inahitajika.

Ine: wasemaji wasigawanywe kwa kabila. Ni desturi mbaya kumuita mutu wa upande huu asifu mukubwa wa upande wake, na mutu wa upande ule amujibu. Afazali mutu wa mashariki aeleze mema ya Kasa-Vubu, na mutu wa magaribi aeleze uchungu wa wale waliompenda Lumumba. Hapo kila mumoja atalazimika kusoma.

Tano: mukutano umalizike kwa shauri moja la mahali. Ukisema juu ya sheria iliyo juu ya wakubwa, uulize: katika kijiji chetu sheria iko juu ya sultani, juu ya komanda, juu ya padri? Ukisema juu ya udongo, uulize: mupaka gani katika parokia yetu unangojea kupatanishwa, na nani atawaketisha wenyewe pamoja? Mwaka 2021 hali ya vita ilitangazwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, na askari wakatwaa nafasi za wakubwa wa kiraia. Bunduki inaweza kusimamisha bunduki kwa siku chache. Haiwezi kumufundisha kijana wa Djugu ao wa Irumu ya kuwa jirani yake ni mwenye inchi sawa naye.

Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ya katekista anayekaa kilimani mwaka muzima wakati padri anapita mara tatu. Kijana akimuuliza: «Katekista, wazee wanasema sisi tulitangulia, ni kweli?», asikimbie ulizo, wala asitafute jibu la kumupendeza. Amueleze nani alisema neno hilo mwaka 1946, alilisema juu ya nani, na kiapo gani alikuja kukitoa mbele ya Wakongomani wote. Kisha amufungulie Katiba, kifungu cha 10, amusomee polepole.